Wema Ulioachwa Njiani: Funzo Kutoka Kaunti ya Macon

Huko Notasulga, katika kaunti ya Macon, jimbo la Alabama nchini Marekani, kuna kanisa la Kibaptisti liitwalo Shiloh. Kando yake ipo shule ya mbao iliyojengwa kwa msaada wa mfanyabiashara wa Chicago aliyetaka watoto Weusi wapate pa kusomea. Hapo hapo wamezikwa baadhi ya wanaume waliopimwa, wakadanganywa, kisha wakaachwa na kaswende mwilini ili madaktari waone itawafanya nini. Uovu ule ulidumu miaka 40. Tunaujua kama utafiti wa Tuskegee, na kila mara tunaukumbuka kwa mwisho wake: serikali, madaktari, aibu, radhi ya Rais. Mwanzo wake tunausahau. Ulianza kama msaada wa familia yenye huruma kwa jamii iliyoonewa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu waliokianzisha hawakuwa watu wabaya. Walichukia ubaguzi wa rangi, walikuwa na mali, na walitaka kuitumia kurekebisha dhuluma. Ndugu msomaji, huenda wewe hukujaliwa mali kama yao, nami sikujaliwa. Lakini tunachanga kwenye vyama vyetu, tunaanzisha mifuko ya kuwakumbuka wazazi waliotangulia, tunatuma fedha nyumbani kutoka ughaibuni, tunalipia zahanati na karo za watoto wa jamii zilizosahauliwa. Makosa yao yako wazi mbele yetu sote, na wala si magumu kuyarudia.

Kwanza nisahihishe jambo moja linalosemwa sana mitaani na hata redioni. Wanaume wa Macon hawakudungwa vijidudu vya kaswende. Walikuwa tayari nao. Kosa lilikuwa kuwaacha bila tiba huku wakiaminishwa kwamba wanatibiwa. Na swali linalonisumbua ni hili: waliaminije kwa urahisi hivyo? Nani aliwazoesha kuja kanisani na shuleni pindi gari la daktari lilipofika?

Mfanyabiashara yule wa Chicago, Julius Rosenwald, alizaliwa Springfield, Illinois, mwaka 1862, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia kutoka Ujerumani. Alitajirika kupitia Sears, Roebuck, kampuni iliyouza bidhaa kwa katalogi, mteja akiagiza kwa barua na kuletewa mzigo wake. Mwaka 1911 alikutana na Booker T. Washington, mkuu wa Taasisi ya Tuskegee, chuo cha Weusi kilichoko Macon. Mwaka uliofuata, alipotimiza miaka 50, aliipa Tuskegee dola 25,000, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kujenga shule sita za vijijini. Kutokana na shule hizo sita ulikua mpango ambao hadi mwaka 1932 ulikuwa umejenga shule 4,977 katika majimbo 15. Inakadiriwa kwamba wakati huo theluthi moja ya watoto Weusi wa vijijini kusini mwa Marekani walisoma katika shule za Rosenwald.

Namna shule hizo zilivyojengwa ni muhimu sana kwa hadithi hii, kwa hiyo tutulie hapo kidogo. Rosenwald hakujenga peke yake. Mfuko wake ulitoa sehemu, serikali za mitaa zikatakiwa kutoa sehemu, na wananchi wenyewe wakatoa yao. Wakulima wasio na ardhi, waliolima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, walitenga vipande vya shamba na kuamua kwamba pamba ya hapo ni ya shule. Wengine walikata magogo, wengine wakatoa nguvu zao. Mkenya angeiita kazi hiyo harambee, Mtanzania angeiita msaragambo. Michango ya Weusi wenyewe ilifikia zaidi ya dola milioni 4.7, kiasi kilichozidi hata kile kilichotoka katika mfuko wa Rosenwald. Mtu aliyetoa pamba yake alikuwa na haki ya kuuliza mlango utakaa wapi na mwalimu ni nani.

Nasi watu wa Afrika Mashariki hatuko mbali na historia hiyo. Mwaka 1924 tume ya Mfuko wa Phelps-Stokes, ambao nao ulikuwa wa familia ya Kimarekani, ilizunguka nchi zetu ikipendekeza elimu ya mtindo wa Tuskegee. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya. Anna Jeanes, ambaye jina lake lilitumika, alikuwa mwanamke wa Philadelphia aliyetoa mali yake kwa ajili ya shule za Weusi wa vijijini. Wazee wengi waliofundishwa na walimu wa Kabete walionja matunda ya fedha za namna hii, mazuri yake na mapungufu yake.

Mwaka 1928 Mfuko wa Rosenwald ulipangwa upya. Edwin Embree akawa rais wake, na kazi zikapanuliwa kutoka shule hadi afya. Nia ilikuwa njema na ya kishujaa. Wakati ule Wazungu wengi, wakiwamo madaktari, walishikilia kwamba Mtu Mweusi hatibiki kaswende: hatakuja kliniki, akija hatarudi, na gharama yake haifai. Mfuko ulitaka kuuvunja uongo huo kwa vitendo. Ukashirikiana na Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, ukagharamia upimaji na matibabu katika kaunti sita za majimbo sita ya kusini, Macon ikiwa mojawapo. Uliagiza kwamba wauguzi Weusi waajiriwe, jambo lisilo dogo katika miaka ile.

Watu walikuja kwa wingi. Walitoka mashambani kwa miguu na kwa mikokoteni ya nyumbu, wakapanga foleni nje ya makanisa na shule, zikiwemo zile walizozijenga kwa pamba yao. Zaidi ya theluthi moja ya waliopimwa Macon walionekana kuwa na kaswende, kiwango kikubwa kuliko katika kaunti nyingine tano. Tiba ya wakati huo ilikuwa aseniki na zebaki, dawa kali zenye sumu, zilizohitaji kutumiwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Walivumilia. Ule usemi kwamba hawaji wala hawarudi ukaonekana kuwa uzushi, na mfuko ulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini dalili za hatari zilikuwa zimeanza, na zilionekana na watu ambao mfuko wenyewe uliwatuma.

Dalili ya kwanza ni kwamba wagonjwa hawakuambiwa wanaumwa nini. Waliambiwa wana damu mbaya. Kwa mkulima wa Macon damu mbaya ilikuwa jina la mambo mengi: uchovu, upungufu wa damu, maumivu ya mwili, na kaswende pia. Charles S. Johnson, mwanasosholojia Mweusi wa Chuo Kikuu cha Fisk, aliifanyia utafiti kaunti hiyo kwa fedha za mfuko huo huo, akazungumza na familia 612. Aligundua kwamba wengi hawakujua ugonjwa wao huambukizwa kwa kujamiiana, na walipokea sindano bila kufahamu hasa zinatibu nini. Fikiria maana yake. Mtu asiyejua anatibiwa nini hawezi kujua siku matibabu yatakapokoma. Ukimbadilishia dawa kwa maji, ataendelea kukushukuru.

Dalili ya pili ilikuja mwaka 1930. Mfuko ulimtuma daktari Mweusi, Dkt. H. L. Harris, kukagua kazi ya Macon. Harris hakutazama rejesta za kliniki tu. Alitazama nyumba, chakula na maji. Akaandika kwamba watu hawa wanasumbuliwa na utapiamlo, kifua kikuu, malaria na maradhi mengine yanayotokana na ufukara, na kwamba kuwadunga sindano za ugonjwa mmoja huku ukiyaacha mengine yote si kuwatendea haki. Alipendekeza mpango mpana wa afya badala ya kuuendeleza ule wa kaswende peke yake. Wakubwa wa Idara ya Afya ya Umma waliutetea mradi wao. Mpango mpana alioupendekeza Harris haukujengwa.

Hapa ndipo nakaa kwa muda mrefu kila ninapokisoma kisa hiki. Harris ndiye aliyefika. Ndiye aliyefanana na watu wale na aliyeingia majumbani mwao. Ripoti yake ilikuwa mezani. Ni mara ngapi na sisi tunamtuma kijana wetu kijijini akaone mradi, anarudi na maneno yasiyopendeza, nasi tunamwambia asante, kisha tunaendelea na bajeti tuliyokwisha kuipitisha? Hatumpuuzi kwa ubaya. Tumeshatangaza mradi, tumeshapiga picha, tumeshamwahidi mkuu wa wilaya. Ripoti yenye kero inaingia kwenye faili. Tafadhali tuwe waangalifu sana hapo, kwa maana mtu tuliyemtuma wenyewe ndiye onyo la bei nafuu tutakalowahi kulipata.

Dalili ya tatu ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa sababu dawa yake mfuko ulikuwa nayo tayari. Katika shule, wananchi walichanga na wakawa na sauti. Katika kliniki hawakuwa na sauti yoyote. Hapakuwa na kamati ya wagonjwa, wala mzee wa kanisa aliyekabidhiwa hesabu za waliotibiwa na waliobaki, wala mkulima mmoja aliyeambiwa mradi ni wa muda gani na fedha zikiisha itakuwaje. Kaunti ile ile, watu wale wale, mfuko ule ule. Huenda waliona kwamba mambo ya udaktari ni ya wataalamu na mkulima asiyejua kusoma hana la kuuliza. Hilo ni kosa ambalo mtu anayepigania usawa anaweza kulitenda bila kulihisi: kumwamini mnyonge katika kujenga ukuta, na kutomwamini katika kuamua habari za mwili wake mwenyewe.

Kisha fedha zikakatika. Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1929, na mali ya mfuko ilikuwa karibu yote katika hisa za Sears. Hisa zilizowahi kufika karibu dola 200 kila moja zilishuka hadi karibu dola 10. Sera ya mfuko ilikuwa kwamba serikali za mahali nazo zitoe sehemu yao ili kazi iendelee. Jimbo la Alabama na kaunti ya Macon hazikuwa na fedha, na kwa ajili ya Weusi hazikuwa na ari pia. Rosenwald alifariki Januari 1932. Matibabu yakafungwa, wagonjwa wengi wakiwa bado hawajamaliza dozi.

Simlaumu mtu kwa kufilisika. Mifuko hukauka, wafadhili hufa, na hakuna mwaka ulio salama. Ninachokiangalia ni kile kilichoachwa nyuma. Mfuko ulipoondoka uliacha orodha ya majina ya wagonjwa, uliacha njia zinazojulikana na mahali pa kukutania, na uliacha watu waliozoea kwamba daktari wa serikali akiita, unakwenda, kwa maana anakutakia mema. Imani ile ilijengwa kwa fedha za familia ya Rosenwald. Haikukabidhiwa kwa mtu yeyote wa Macon ailinde. Ikabaki wazi, na wa kwanza kuiona akaichukua.

Aliyeiona alikuwa Dkt. Taliaferro Clark wa Idara ya Afya ya Umma, ambaye alikuwa pia mshauri wa mfuko. Akipitia taarifa za mradi uliofungwa, aliona kaunti yenye wagonjwa wengi wasiotibiwa, akaihesabu kuwa nafasi ya kisayansi. Badala ya kutafuta namna ya kumalizia dozi zao, akapanga kuwachunguza jinsi walivyo. Septemba 1932 Mganga Mkuu wa Serikali, Hugh Cumming, alimwandikia Robert Moton, mkuu wa Tuskegee wakati huo, akiomba ushirikiano, na taasisi ikakubali. Mpango ulikuwa wa miezi michache. Ulidumu hadi mwaka 1972, ukiwa na wanaume 600: 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo waliowekwa kwa kulinganisha.

Dkt. Raymond Vonderlehr wa Idara ya Afya ya Umma aliwaandikia barua kuwaita kwenye matibabu maalumu ya bure, akiwaonya kwamba hiyo ndiyo nafasi yao ya mwisho. Kilichowangoja hakikuwa matibabu. Walitolewa maji ya uti wa mgongo, jambo lenye maumivu makali, kwa ajili ya uchunguzi. Walipewa aspirini na dawa za kuongeza damu. Ilipofika mwaka 1947 penisilini ilikuwa imekwisha kuwa tiba ya kawaida ya kaswende. Wao hawakupewa.

Sisemi kwamba Mfuko wa Rosenwald ulitenda hayo. Haukuyatenda, na ni dhuluma kuliweka jina la Rosenwald sawa na majina ya waliodanganya. Ninasema kwamba uliondoka bila kuwaambia watu ukweli kuhusu ugonjwa wao. Laiti kila mtu wa Shiloh angeambiwa kwa Kiingereza chepesi: una kaswende, matibabu hayajaisha, fedha zetu zimekwisha, na mtu yeyote akikuambia anakutibu muulize dawa gani. Kusema hivyo kusingegharimu hisa hata moja ya Sears.

Sasa tuje kwa familia ya pili, maana Macon ilifikiwa na familia mbili, na ya pili haizungumzwi sana.

Elizabeth Milbank Anderson alirithi utajiri wa baba yake, Jeremiah Milbank, aliyeshirikiana na Gail Borden katika biashara ya maziwa ya kopo. Mwaka 1905 alianzisha mfuko wa kuwakumbuka wazazi wake, ambao baada ya kifo chake mwaka 1921 uliitwa Milbank Memorial Fund. Ulikuwa na makao New York, ukajihusisha na afya ya jamii, na sifa yake ilikuwa njema.

Madaktari wa Macon walikuwa na shida. Ili kujua kaswende imefanya nini walihitaji kupasua maiti, na familia hazikutaka. Wakagundua kwamba kwa mkulima maskini wa kusini jambo la kutisha kuliko kufa ni kuzikwa bila heshima. Hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa kwetu, ambako watu wasio na kitu huweka akiba katika chama cha kuzikana kabla ya kuweka kwa ajili ya dawa. Mwaka 1935 Mganga Mkuu wa Serikali aliuomba Mfuko wa Milbank fedha za mazishi, nao ukakubali. Mwanzoni familia ilipewa dola 50, na baadaye kiwango kikafika hadi dola 100, kwa sharti moja: maiti ifanyiwe uchunguzi. Malipo hayo yaliendelea hadi mwisho wa utafiti.

Fikiria ombi hilo likija mezani kwako. Limetoka kwa afisa mkuu wa afya wa nchi. Kiasi ni kidogo. Wanaofaidika ni wajane Weusi maskini, watu hasa ambao mfuko wenye dhamiri ungependa kuwafikia. Tena wajane wanashukuru, na shukrani yao ni ya kweli. Nani angekataa? Nikiwa mkweli, naona mimi pia ningetia sahihi. Na ndiyo sababu dalili zake ni za kukariri.

Msaada ulikuwa na sharti ambalo mpokeaji hakuelezwa maana yake yote. Hiyo peke yake ilitosha kusimamisha kalamu. Ukitoa jeneza kwa sharti la mwili, lazima uulize mwili unatafutwa kwa nini, na kwa nini watu wa kundi hili wanafuatiliwa mpaka kaburini badala ya kutibiwa wakiwa hai. Halafu ombi likawa linarudi, mwaka baada ya mwaka, miaka kumi, ishirini, thelathini. Penisilini ikawa tiba ya kaswende na kuenea kati ya ombi moja na lingine, na malipo hayakusita. Kiasi kilipokuwa kidogo, hakuna aliyeona haja ya kukitazama upya. Fedha kubwa hukaguliwa. Fedha ndogo huingia katika mazoea na kupita miaka mingi bila swali.

Wala mambo hayakufichwa. Ripoti ya kwanza ya kitabibu ilichapishwa mwaka 1936. Mwaka 1953 muuguzi Eunice Rivers, mwanamke Mweusi aliyewahudumia wanaume wale kwa miongo kadhaa, alichapisha pamoja na wenzake makala katika jarida la Idara ya Afya ya Umma kuhusu miaka 20 ya kuwafuatilia, wakieleza jinsi msaada wa mazishi ulivyosaidia kupata ridhaa ya familia. Makala ilichapishwa, ikasomwa, ikawekwa maktabani. Mwaka 1965 daktari kijana wa Detroit, Irwin Schatz, alisoma ripoti mojawapo na kuandika barua ya kupinga. Hakujibiwa. Mwaka 1966 Peter Buxtun, mfanyakazi wa idara hiyo huko San Francisco, naye akaandika. Mwaka 1969 jopo la wataalamu liliketi na kuamua utafiti uendelee. Buxtun hakunyamaza. Mwishowe habari ilimfikia mwandishi Jean Heller wa shirika la habari la Associated Press, na Julai 1972 Marekani nzima ikaamka na kuisoma.

Kwa hesabu inayonukuliwa mara nyingi, hadi wakati huo wanaume 28 walikuwa wamekufa kwa kaswende na 100 kwa madhara yake, wake 40 walikuwa wameambukizwa, na watoto 19 walizaliwa nayo. Wakili Fred Gray, aliyewahi kuwatetea wapigania haki Rosa Parks na Martin Luther King, alifungua kesi kwa niaba yao, na mwaka 1974 serikali ikakubali kulipa dola milioni 10. Mei 1997 Rais Bill Clinton aliwaomba radhi katika Ikulu ya Marekani. Walionusurika walikuwa wanane tu. Herman Shaw, akiwa na miaka 94, alisimama akazungumza kwa niaba ya wenzake.

Mfuko wa Milbank ulikaa kimya muda mrefu zaidi. Baada ya kifo cha Mmarekani Mweusi, George Floyd, mikononi mwa polisi mwaka 2020, taasisi nyingi za Marekani zilianza kuchunguza historia zao, na mfuko huo nao ukafungua majalada yake. Juni 2022 viongozi wake walikwenda Tuskegee, wakakutana na watoto na wajukuu wa wanaume wale, wanaounda taasisi iitwayo Voices for Our Fathers Legacy Foundation, wakaomba radhi hadharani na kutoa mchango kwa taasisi hiyo. Walikiri kwamba walikosea na kwamba wanaona aibu. Nawaheshimu kwa hilo. Hawakujificha nyuma ya hoja kwamba zamani zile kila mtu alifanya hivyo.

Madhara mengine hayakulipika. Mpaka leo, katika familia nyingi za Wamarekani Weusi, jina la Tuskegee hutajwa pale mtu anapokataa chanjo au anaposita kwenda hospitali. Kumbuka mfuko wa kwanza ulikwenda Macon kuthibitisha kwamba Mtu Mweusi akiitwa kwenye tiba atakuja. Alikuja. Wajukuu wake ndio wanaoogopa kuja, na wana sababu.

Ndugu yangu, kama familia yako ina mfuko, au mnakusudia kuanzisha wa kumkumbuka baba au mama, msiache kwa hofu ya haya. Jamii zilizobaguliwa kwa rangi, kabila au asili zinahitaji watu wanaotoa. Tunasema kutoa ni moyo, na moyo wa Rosenwald ulijenga karibu shule elfu tano. Ila nakusihi: kabla ya kikao chenu kijacho mtafuteni yule mliyemtuma mashinani, mfungue ripoti yake ya mwisho, na muisome mbele ya watu walioandikwa humo, kwa lugha wanayoisema nyumbani kwao. Waulizeni wanajua wanapewa nini na kwa muda gani. Kama kuna malipo madogo mnayoyarudia kila mwaka bila kukumbuka yalianzaje, yasimamisheni mpaka mtu aende na kurudi na jibu. Na kama fedha zinaelekea kwisha, waambieni sasa, wakati bado mna uwezo wa kuwasaidia kutafuta pengine pa kwenda.